Miti Iliyofungwa kwa Shati la Wakoli

Kama kuna kitu Mwihaki binti Thuo hakuwahi kukiombea ruhusa maishani mwake, ni kivuli. Alizaliwa nje kidogo ya Kitale, katika shamba ambalo baba yake alilipata kupitia kampuni ya kununua ardhi baada ya mzungu mwenyewe kufunga virago, na mbele ya ile nyumba ya zamani ya mawe palisimama mti ambao jirani hata mmoja hakujua jina lake. Watoto waliuita mti wa maganda. Maganda yenyewe yalikuwa marefu, ya kahawia, yamejisokota kama mshipi wa ngozi uliosahauliwa mvuani, na ndani yalikuwa na utamu ambao watoto waliufyonza kabla ya ng'ombe kumaliza yaliyobaki. Chini ya mti huo ndipo Mwihaki alipojifunza kutambaa, kusoma na, baadaye, kushona.

Alikuwa na maoni kuhusu miti jinsi watu wengine walivyo na maoni kuhusu wahubiri. Mparachichi, alisema, ni wa kupanda mbali na nyumba, kwa sababu chini yake ni giza tupu na tunda likikudondokea utosini hakuna wa kumshtaki. Mkaratusi unakunywa maji ya mtaa mzima na haukupi hata kivuli cha kuku. Jakaranda ni maridadi kwa majuma machache, halafu unakuachia kazi ya kufagia mpaka Krismasi. Lakini mti wa maganda ulikuwa na majani madogo madogo, yakianguka yanapotelea kwenye nyasi yenyewe, na jua lilipenya kati yake kwa kiasi cha kumwezesha fundi kutia uzi sindanoni saa sita mchana bila kukunja uso. Nyasi zilimea mpaka kwenye shina. Mwihaki, ambaye alichukia ufagio kuliko alivyochukia umaskini, hakuona kwa nini mtu apande kitu kingine.

Wakoli alimkuta chini ya mti huo. Alikuwa karani wa serikali, kijana wa Matulo aliyekuwa amepelekwa kazini Kitale, na siku ya kwanza alileta suruali ipunguzwe kiuno. Kisha akaleta nyingine, na nyingine, hata akaanza kuleta suruali ambazo hazikuwa na shida yoyote. Mzee Thuo ndiye aliyemwambia binti yake kwamba yule kijana ama ana ugonjwa wa kukonda ama ana jambo la kusema, na ikawa ni jambo la kusema. Walioana kanisani, wakapata mtoto wao Viola, na mwaka wa elfu mbili Wakoli akahamishiwa Bungoma. Hapo ndipo walipokata shauri kwamba mke na mtoto wakae Matulo na Mama Peris, mama yake Wakoli, aliyekuwa mjane na aliyekuwa akiishi peke yake. Wakoli angekuja nyumbani kila Ijumaa jioni.

Boma la Matulo lilikuwa safi kuliko sahani. Lilifagiwa alfajiri na jioni, udongo mwekundu ukang'aa, na hapakuwa na mti wala kichaka mbele ya nyumba, mabati tu juu na jua. Kufika saa nane ndani ya nyumba ungeweza kuchemsha yai kwa kuliweka mezani. Mwihaki alikuwa akihamisha cherehani yake toka ukuta hadi ukuta akifuata kijisehemu cha kivuli, na mwisho wa siku alikuwa amezunguka nyumba nzima.

Siku moja wakiwa wanapukuchua mahindi kwenye jua hilo, alimuuliza mama mkwe wake kwa nini marehemu mzee wake hakuwahi kupanda hata mti mmoja. Mama Peris hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema mzee alikuwa akiahidi kupanda mvua ikija, na mvua ilikuja, na mzee alikuwa na mambo mengine. Alisema hivyo bila uchungu wowote, kisha akafuta jasho kwa ncha ya kitambaa chake na kuendelea na mahindi. Kaburi la mzee lilikuwa pale pale nyuma ya jikoni, na msalaba uliopakwa rangi nyeupe. Mwihaki alimtazama yule mama aliyekaa juani maisha yake yote akingoja mtu amchimbie shimo la mti, na akahisi hasira ambayo hakuwa na haki nayo, kwa sababu mwenye mume hakuwa amelalamika.

Basi alipoenda Kitale kuwasalimu wazazi alirudi na mfuko wa mbegu. Mbegu za mti wa maganda ni ngumu kama kokoto, lakini alikuwa amemwona baba yake akizisugua kwenye jiwe la kunolea panga na kuzilaza ndani ya maji moto, naye akafanya vivyo hivyo. Zilipoota kwenye mikebe ya mafuta ya Kasuku nyuma ya jikoni, alizilea mpaka mvua za Aprili za mwaka uliofuata. Kisha akachukua jembe, akaenda upande wa nyumba unaopigwa na jua la jioni, akachimba mashimo na kupanda miche minne kwa mstari. Mche wa tano ulikuwa mdogo mno, akauacha ndani ya mkebe.

Mama Peris alitoka jikoni, akamwona ameinama na jembe, akashika shavu. Kisha akarudi jikoni, na siku hiyo chai ilichelewa.

Ilikuwa ni Wakoli aliyemweleza, Ijumaa, akicheka nusu. Kwao, alisema, mwanamke hapandi mti bomani. Mti ni wa mwenye ardhi, na mwenye ardhi ni mwanamume. Mwanamke akipanda ni kama anasema mwenye ardhi hayuko, na wazee husema basi mwenyewe ataondoka kweli. Atakufa. Mwihaki alimwuliza kama yeye anaamini hayo. Wakoli akasema yeye ni mtu wa kanisa na amesoma, haamini. Hata hivyo Mwihaki aliona kwamba alipokwenda kuoga alizunguka nyumba kwa upande mwingine.

"Mama yangu amepanda miti hadi mpaka wa shamba umejaa," Mwihaki alisema. "Na baba yangu bado anakula nyama na meno yake."

Wakoli alicheka kabisa sasa, na miti ikabaki. Mwihaki hakuwa na shaka. Huyu mwanamke, tumwelewe, hakuwa mkaidi. Alikuwa tu na uhakika, na mtu mwenye uhakika husumbua watu zaidi ya mkaidi, kwa sababu hata hajui kwamba anabishana.

Aliyesumbuka zaidi ni Mukhisa. Huyu alikuwa kaka mkubwa wa Wakoli, mkulima wa huko Ndalu, mtu mwema mwenye kifua kipana, ambaye alikuja Matulo kwa sikukuu na kwa matatizo na kila mara alileta mahindi na mawaidha. Alipoiona miti alimwambia shemeji yake kwa upole kwamba ingefaa aing'oe, ampe yeye Mukhisa aipande upya kwa mkono wa mwanamume. Mwihaki akasema kwa upole vile vile kwamba mti ukishashika udongo hauchezewi. Wakaachana hivyo, kila mmoja akidhani ameeleweka.

Kisha miti ikaota miiba.

Hii haikuwa miiba ya kuchekwa. Ilitoka kwenye shina lenyewe, mirefu, kila mmoja na matawi yake mawili pembeni, myekundu ikiwa michanga na migumu kama sindano za kushonea magunia ilipokomaa. Mti wa Kitale haukuwa na mwiba hata mmoja. Mwihaki alikuwa ameukumbatia utotoni. Watu waliopita njiani walitazama, wakanyamaza, na kunyamaza kwao kulifika Ndalu kabla ya juma kuisha. Hata Mama Peris aliyekuwa hasemi kitu alianza kumwita Viola arudi akikaribia upande ule.

Mwihaki alifunga safari kwenda Kitale akiwa amekasirika, kana kwamba baba yake alimuuzia kitenge kinachochujuka. Mzee Thuo alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa akimwita maitu, yaani mama yangu, kwa kuwa binti alibeba jina la mama mzazi wa mzee, na hata alipomkemea alimkemea kwa heshima.

"Maitu, si ungeniuliza," alisema. "Ule mti mzungu aliunganisha. Juu ni aina haina miiba, chini ni ile ya porini. Ukipanda mbegu yake, miiba inarudi tu."

Dawa yake Mwihaki aliijua, maana alikulia katika nyumba ya kupandikiza maparachichi. Unakata mche chini ya goti, unauchana, unachongoa kijiti kutoka mti mzuri na kukichomeka humo, gome kwa gome, halafu unafunga kwa ukanda wa nailoni usiingie maji. Alikata vijiti kutoka mti wa nyumbani, akavifunga kwa kitambaa kibichi na ganda la mgomba, na mvua za Machi zilipoanza alikuwa Matulo akikata miti yake mwenyewe kwa kisu. Alipandikiza ile minne na ule wa mkebe. Nailoni ilipochomwa na jua aliona afadhali aifunike na kitu chepesi, akaingia ndani kutafuta kitambaa. Kilichokuwa karibu ni shati la zamani la Wakoli, lile la mistari ya samawati, limeisha kola. Alilipasua vipande virefu, akazungushia kila mti kipande chake na kufunga fundo.

Fundi yeyote angefanya hivyo. Lakini jaribu kuutazama mstari ule kwa macho ya mtu wa Matulo: miti iliyopandwa na mwanamke, imeota miiba, imekatwa magotini, na kila kisiki kimefungwa kwa nguo ya mwenye nyumba.

Wakoli alianguka ofisini Bungoma kabla ya mwezi kwisha. Lilikuwa tumbo. Alibebwa mpaka hospitali akiwa amejikunja, na daktari akasema ni kidole tumbo, kimepasuka, lazima apasuliwe siku hiyo hiyo. Mwihaki alikaa kwenye benchi la hospitali mpaka walipomtoa kwenye chumba cha upasuaji, rangi imemtoka, hajitambui vizuri, na daktari akasema wangoje waone. Asubuhi alirudi Matulo kuchukua shuka na nguo za kubadilisha.

Alimkuta Mukhisa amesimama mbele ya miti na panga mkononi. Wazee wawili wa ukoo walikuwa wamekaa kwenye viti walivyotolewa na Mama Peris, kofia magotini. Hakuna aliyempigia kelele. Ingekuwa afadhali wangepiga, kwa sababu kelele Mwihaki alikuwa akizimudu.

Mukhisa alimuuliza habari za ndugu yake, akamjibu. Kisha akaonyesha vile visiki na panga akamuuliza lile shati ni la nani. Alijibu ukweli. Akaeleza habari za miiba, za kuunganisha, za baba yake, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyosikia mwenyewe jinsi maneno yale yalivyokuwa membamba.

"Shemeji, mimi sisemi umefanya kitu mbaya," Mukhisa alisema, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. "Lakini ndugu yangu amelala huko na mimi niko na yeye mmoja tu. Hii miti itoke leo, ung'oe na mkono yako. Halafu uende kwenu Kitale kwanza, mpaka apone. Akipona tutakuita."

Hapo kwa mara ya kwanza Mwihaki aliogopa. Hakuogopa miti, alijua kilichompasua Wakoli ni kidole tumbo. Aliogopa kwamba Wakoli akifariki, hakuna mtu bomani hapo atakayeamini kitu kingine mpaka siku ya mwisho, na Viola atakua akiambiwa hivyo. Na yeye akiing'oa ile miti, Wakoli akipona, watasema amepona kwa sababu imeng'olewa, naye atakaa nyumba ile kama mgeni aliyesamehewa. Njia zote mbili zilikuwa zinaelekea Kitale. Alimpenda yule mwanamume na suruali zake zote, na alitaka kuzeekea Matulo, chini ya kivuli chake mwenyewe.

Mama Peris alitoka jikoni na ungo wa mahindi. Aliuweka chini, polepole kama afanyavyo mtu mwenye magoti mabaya, na akaketi kwenye kigoda kati ya wazee na miti.

"Mukhisa," alisema, "ati mwanamke akipanda mti, nini inatokea?"

Mukhisa hakupenda kuulizwa. Alisema Mama anajua.

"Sema tu, wazee wasikie."

"Bwana yake anakufa, Mama."

"Na bwana yangu ako wapi?"

Mukhisa na wazee hawakugeuka hata kutazama nyuma ya jikoni, ulipo msalaba mweupe.

"Basi. Mimi sina bwana ya kuua," Mama Peris alisema. "Hiyo miti nilipanda mimi. Na shati nilipasua mimi, ilikuwa imeisha kola. Sasa kama unataka kukata, kata miti ya mama yako."

Mwihaki alifungua kinywa, na yule mama akamtazama mara moja tu, naye akakifunga. Wazee walitazamana. Mmoja alikohoa. Kila mtu bomani pale alijua nani alipanda miti ile. Njia nzima ya kwenda sokoni ilijua. Lakini Mama Peris alikuwa mtu wa kanisa tangu ujana wake, mtu ambaye akikuambia maziwa yameisha huendi kuchungulia kwenye kibuyu, na hapakuwa na mtoto wake wala mzee wa ukoo ambaye angesimama pale na kumwambia amesema uongo. Mukhisa alisimama na panga lake, kifua kikipanda na kushuka. Kisha akaliegemeza ukutani na kwenda kukaa. Mama Peris akamwambia Mwihaki achukue zile shuka haraka, mgonjwa anangoja, na alipopita akamtia mkononi chupa ya uji.

Mwihaki alimkuta Wakoli macho. Alikuwa anaomba maji na kulalamika juu ya kitanda, na daktari akasema hiyo ni dalili nzuri kuliko zote. Alimnywesha uji wa mama yake kijiko kwa kijiko na hakumwambia habari za miti. Alilia kidogo, Wakoli akadhani ni kwa sababu yake, naye akamwacha adhani hivyo.

Siku iliyofuata alifika nyumbani asubuhi akiwa na habari hizo njema, akamkuta Mama Peris mlangoni amejifunga leso kiunoni na jembe mkononi. Mukhisa, aliyekuwa amelala hapo, alikuwa anakunywa chai barazani, na alipoambiwa ndugu yake amekunywa uji aliweka kikombe chini na kufunika uso kwa mikono yake mikubwa. Mama Peris alishukuru Mungu kwa sauti. Kisha akasema, "Mama Viola, kuna ule wa mkebe. Niletee."

Mwihaki aliuleta. Alifungua kile kipande cha shati aone kama kijiti kimeshika, na kweli kilikuwa kimetoa chipukizi, kijani, laini, hakina mwiba. Alinyoosha mkono achukue jembe, lakini Mama Peris hakumpa.

"Hapana. Mimi ni mtu wa kanisa. Siwezi kuenda kukaa mbele ya Mungu na yale maneno ya jana hayajakuwa kweli."

Alipita mbele ya baraza, akapita miti minne, akazunguka jikoni, akasimama penye nafasi kati ya mlango wa jikoni na kaburi la mzee. Pale ndipo alipokaa kupukuchua mahindi miaka yake yote. Alipiga jembe chini. Hakuwahi kuchimbia mti shimo maishani mwake, na ilionekana. Alichimba kama anayechimbia viazi, shimo pana lisilo na kina, akapumzika, akachimba tena. Mwihaki alisimama na mkebe akisubiri, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakumwelekeza mtu. Mukhisa alikuja polepole na kusimama kando, kofia mkononi, kama mtu aliyechelewa ibada.

Mama Peris alipiga magoti. Alitoa mche mkebeni na udongo wake, akauweka, akaufukia kwa viganja, akashindilia.

"Mukhisa," alisema bila kuinua kichwa, "leta maji."

Mukhisa alileta ndoo, akamwagilia kwa uangalifu mwingi, akitazama ule mche usiofika hata gotini. Aliuliza utachukua muda gani mpaka utoe kivuli cha mtu kukaa. Mwihaki akasema ni miaka, mama asitegemee karibuni.

Mama Peris alikuwa anajifuta udongo mikononi, akitazama msalaba.

"Mzee wenu nilimngoja mpaka akalala hapo," alisema. "Mti nitangoja."

Mukhisa alichukua ndoo akaenda kuchota maji mengine.